John Akii-Bua: Bingwa wa dunia aliyelala kambini

Mfanyabiashara wa Kismayo anayesafirisha kamba na samaki, au mwenye jahazi wa Chula anayepita Ras Kamboni kwenda Kiunga na Lamu, hahitaji kuelezwa mpaka ni kitu gani. Anajua kwamba mzigo uleule unaweza kuwa mali upande huu na kuwa balaa upande wa pili. Anajua pia kwamba mtu anayeheshimiwa sokoni kwao anaweza kufika mbele ya meza ya askari wa ng'ambo akawa si kitu. Tangu Somalia iwe mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 4 Machi 2024, wasomaji wetu wa mwambao huo wamepata ndugu wapya, na ndugu wapya huulizana habari za wazee wao. Leo tunasimulia habari za Mganda mmoja, marehemu John Akii-Bua. Mwaka 1972 hapakuwa na mtu duniani aliyemfikia katika mbio za mita 400 kuruka viunzi. Mwaka 1979 alikuwa mkimbizi kambini nchini Kenya.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wanane na watoto 43. Nyumba ya namna hiyo ni kijiji kizima, na mtoto hujifunza mapema kwamba anayechelewa hukuta chungu kitupu. Riadha haikuwa ngeni kwao. Kaka yake, Lawrence Ogwang, alikwenda Melbourne mwaka 1956, Uganda iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, akashindana katika kuruka umbali na miruko mitatu.

Baba alipofariki, shule ikakatika. Kijana alifanya kazi kwa muda katika baa ya ndugu yake, kisha akajiunga na polisi. Siku zile, katika nchi zetu, polisi, jeshi na magereza ndizo zilizokuwa klabu za riadha. Walikuwa na uwanja, walikuwa na walimu, na juu ya yote walikuwa na mshahara wa kila mwezi. Mtoto wa mkulima au wa mvuvi mwenye miguu mizuri hakuwa na mlango mwingine.

Huko polisi alimkuta Jerom Ochana, ofisa aliyekuwa mwenyewe bingwa wa kuruka viunzi, mtu mkali. Ili kumzoesha kijana kuruka akiwa ameinama badala ya kupaa hewani kama swala, Ochana alikuwa akiweka pau juu ya kiunzi, hivi kwamba anayenyanyua kichwa anajigonga. Akii-Bua alijigonga, na alama ikabaki kwenye paji la uso. Alianza na viunzi vya mbio fupi, akajaribu kupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaikosa.

Mwaka huohuo alifika Uganda kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyekuja kuwafundisha wanariadha wa taifa. Arnold alimtazama kijana huyu mrefu, mwenye kasi na pumzi, akaona kwamba mbio fupi si mahali pake. Akamhamishia mita 400 kuruka viunzi.

Kwa wasiozijua, hizi ni mbio za kuzunguka uwanja mara moja tu, lakini njiani kuna viunzi 10, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 91.4, na baina ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Ugumu wake si kuruka. Ugumu ni hesabu. Mkimbiaji lazima ajue anapiga hatua ngapi kabla ya kila kiunzi, kwa sababu akikosea hatua moja atafika kwa mguu usio wake, atapunguza mwendo, na wenzake wamekwenda. Kuelekea mwisho uchovu unafupisha hatua na hesabu yote inavurugika. Wengi wanaruka kwa mguu mmoja tu. Akii-Bua alifundishwa kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, kwa hiyo hatua zilipofupika yeye hakubabaika.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamaliza wa 4. Matokeo ya mbio zile yana jambo la kumfurahisha msomaji wa gazeti hili. Nyuma ya mshindi John Sherwood wa Uingereza, nafasi ya pili ilichukuliwa na William Koskei, mzaliwa wa Kenya aliyekimbia kwa jezi ya Uganda na ambaye baadaye alivaa jezi ya Kenya. Hapo ndipo tulipokuwa Afrika Mashariki, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka uliofuata Akii-Bua alikwenda Durham, North Carolina, Wamarekani walipopambana na Waafrika, akakimbia kwa sekunde 49.0. Hakuna mtu duniani aliyekimbia kwa kasi hiyo mwaka ule. Hata hivyo alikuwa amekutana na wakubwa mara chache mno, na wataalamu wa Ulaya na Marekani hawakumpa uzito. Yeye na Arnold walirudi mazoezini Kampala. Alikimbia vilima. Aliruka viunzi virefu kuliko vya mashindano, tena akiwa amevaa fulana yenye vyuma vya uzito wa zaidi ya kilo 10, ili siku akiivua ajione mwepesi.

Hapa inabidi tuache uwanja kidogo, kwa kuwa nchi yake haikuwa imetulia. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, na kuanzia hapo kuwa Mlango katika Uganda kukawa ni jambo la kuombea dua. Askari wa Kilango na wa Kiacholi waliuawa makambini kwa mamia. Kisha tarehe 4 Agosti 1972, wiki tatu tu kabla ya Olimpiki kufunguliwa, Amin akatangaza kwamba Waasia wataondoka Uganda ndani ya siku 90. Wafanyabiashara wanaosoma haya wanajua maana yake bila kuchorewa: maduka yaliyojengwa kwa vizazi yalifungwa, mikopo ikafa, mawakala waliokuwa wakitegemeana kutoka Kampala hadi Mombasa wakapoteana. Dunia ilipoitazama Uganda mwezi ule ilimwona Amin na foleni za watu wenye masanduku. Polisi mmoja wa Kilango ndiye aliyekuwa akienda Ujerumani kuiwakilisha nchi hiyo.

Fainali ilikimbiwa Munich tarehe 2 Septemba 1972. Kura ilimpa Akii-Bua njia ya kwanza, ya ndani kabisa. Hiyo ndiyo njia asiyoitaka mtu. Kona zake ni kali, mwili unavutwa nje, na mwenye miguu mirefu huteseka zaidi. Zaidi ya hayo, kwa namna watu wanavyopangwa kwa ngazi mwanzoni, wa njia ya kwanza huwaona wote wako mbele yake. Katika njia za nje alikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Mmarekani Ralph Mann.

Hemery aliondoka kama mtu anayefukuzwa. Nusu ya kwanza alikwenda kwa kasi kuliko alivyokwenda Mexico alipoweka rekodi, na waliokuwa uwanjani walidhani mambo yamekwisha. Akii-Bua hakumfuata kwa pupa. Alikwenda na hesabu yake, kiunzi kwa kiunzi, na kwenye kona ya mwisho, pale ambapo njia ya kwanza ilipaswa kumuadhibu, akawa amemfikia. Walipoingia katika mstari wa mwisho alikuwa mbele, na kila kiunzi kilichofuata kilizidisha umbali. Saa ilisimama kwenye sekunde 47.82. Alikuwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Mann alifika kwa 48.51, Hemery kwa 48.52. Tofauti ya hao wawili ilikuwa upana wa kucha. Tofauti yao na Mganda ilikuwa mita kadhaa.

Alipomaliza hakusimama. Aliendelea kukimbia kuzunguka uwanja akiwapungia watu, akiruka viunzi visivyokuwapo, na uwanja mzima ukacheka na kupiga makofi pamoja naye. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Ingechukua miaka 40 kabla nchi hiyo kupata nyingine, ile ya Stephen Kiprotich katika marathoni ya London mwaka 2012. Kwa wasomaji wa Kismayo tuongeze kwamba michezo ya Munich ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa Somalia nayo kupeleka wanariadha. Siku tatu baada ya ushindi wa Akii-Bua, watu wenye silaha waliingia nyumba za wanamichezo wa Israel, na tangu hapo ukiitaja Munich 1972 wengi hukumbuka mauaji hayo, si kiunzi cha kumi.

Nyumbani alipokewa kwa shangwe. Amin alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba, na barabara mjini Kampala ikapewa jina lake. Zawadi zile zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa pia na kazi. Kila aliposhutumiwa kwamba anawaua Walango, Amin aliweza kumwonyesha Mlango mmoja anayestawi. Mtu hawezi kuikataa zawadi ya namna ile na akabaki salama, na akiipokea inaandikwa kwenye daftari la watu wengine, kusubiri siku ya kudaiwa. Sidhani kama kuna haki ya kumlaumu. Aliyekaa chini ya serikali ya bunduki anajua kwamba mlango wa kusema hapana huwa umefungwa zamani.

Jambo jingine ambalo wafanyabiashara watalipima wenyewe: sheria za riadha za wakati ule zilimkataza mwanariadha kulipwa kwa kukimbia. Bondia aliweza kulipwa. Mcheza mpira wa Ulaya aliweza. Bingwa wa dunia wa viunzi alikuwa na bidhaa isiyopatikana kwa mtu mwingine yeyote, na hakuruhusiwa kuiuza. Aliishi kwa mshahara wa polisi na kwa hisani ya mkubwa.

Januari 1973 alishinda tena, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Baada ya hapo macho yote yalikuwa kwenye Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, hasa kwa kuwa Marekani ilikuwa imepata kijana mpya wa viunzi, Edwin Moses. Pambano hilo halikufanyika. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe, ikakataliwa, na nchi zaidi ya 20 zikafunga mizigo, baadhi zikiwa tayari zimefika Montreal. Uganda ilikuwamo, Kenya na Tanzania pia. Moses alishinda kwa sekunde 47.63, akaichukua rekodi ya dunia. Kususia kule kulikuwa na sababu ya haki na mimi siipingi. Ila gharama ya msimamo wa bara zima ilibebwa na watu wachache, na hakuna aliyewarudishia. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa mmoja wao. Akii-Bua, akiwa na miaka 26, alikuwa mwingine.

Kutoka hapo mambo yaliharibika upesi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Tanzania ikajibu, na pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni ikasonga hadi Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Akii-Bua alijikuta hana upande. Watu wa Amin waliokuwa wakikimbia walikuwa na sababu ya kumwona adui, kwa kuwa ni Mlango. Waliokuwa wakiingia walikuwa na sababu ya kumwona kibaraka, kwa kuwa ni ofisa wa polisi aliyepewa nyumba na Amin mwenyewe. Akachukua familia yake akavuka kwenda Kenya.

Kenya aliyoivuka kuingia ilikuwa nchi aliyoizoea. Wanariadha wake walikuwa marafiki na wapinzani wake wa miaka yote. Lakini mpakani haulizwi mtu umekimbia kwa sekunde ngapi. Huulizwa karatasi, na karatasi yake ilikuwa ya serikali iliyoanguka. Akapelekwa kambini pamoja na wengine. Wabajuni watalielewa hili kuliko wasomaji wetu wengi. Mwaka 1991 na 1992, vita vilipoingia Kismayo na visiwani, watu wa Koyama, Chovai na Chula walipanda mashua kuelekea kusini, wakafika kwa watu wanaozungumza lugha yao na wenye jamaa zao Lamu na Mombasa, na bado waliandikishwa wakimbizi na wengi wao wakawekwa katika kambi ya Jomvu. Nahodha aliyejua kila mwamba kutoka Kismayo hadi Kiwayuu alisimama foleni ya unga kama mtu yeyote.

Aliyemtoa Akii-Bua kambini hakuwa serikali wala chama cha michezo. Alikuwa mteja wake wa zamani, kama tunaweza kusema hivyo: kampuni ya Puma ya Ujerumani, watengenezaji wa viatu alivyokuwa akivaa. Habari zilipowafikia kwamba bingwa wa Munich yuko kambini, walifanya mipango ya kumchukua yeye na familia, wakampa kazi kwao Herzogenaurach, mji mdogo wa Bavaria, jimbo lilelile lenye uwanja wa Munich. Mtu anaweza kusema ilikuwa biashara, kwa kuwa jina lake bado lilikuwa na thamani kwao. Na iwe biashara. Ndiyo iliyofungua lango.

Akiwa huko alifanya mazoezi tena, na mwaka 1980 alikwenda Moscow kuiwakilisha Uganda. Alikuwa na miaka 30 na miguu haikuwa ile. Alitolewa katika nusu fainali ya viunzi. Mara hii Marekani ndiyo iliyosusia, kwa ajili ya Afghanistan, na Kenya nayo ikabaki nyumbani; kwa hiyo Moses hakuwapo, na Olimpiki haikuwakutanisha wawili hao kamwe. Mshindi wa Moscow, Volker Beck wa Ujerumani Mashariki, alikimbia kwa sekunde 48.70. Kwa mwendo wa Akii-Bua wa miaka minane nyuma, Beck angeachwa kwa mita kadhaa.

Alikaa Ujerumani miaka mitatu hadi minne. Hakulazimika kurudi, lakini alirudi. Uganda aliyoikuta haikuwa na amani: Obote alikuwa ameshika tena madaraka, vita vya msituni vilikuwa vikiendelea, mwaka 1985 Obote akapinduliwa mara ya pili, na 1986 Yoweri Museveni akaingia Kampala. Baadaye kaskazini, kwao, kukawaka moto wa Kony. Katika yote hayo Akii-Bua alikuwa polisi na mwalimu wa riadha, akifundisha vijana kuhesabu hatua katika nchi ambayo viwanja vyake vilikuwa vimeota majani. Kocha wake wa zamani alikwenda mbali zaidi. Malcolm Arnold alirudi Uingereza na kumlea Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1993. Kazi hiyo yote ilikuwa na mizizi Kampala.

John Akii-Bua alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997. Alikuwa na miaka 47. Mkewe alikuwa amemtangulia, na watoto 11 walibaki. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini miaka miwili baadaye, Novemba 1999.

Mjini Lira, makao makuu ya nchi ya Walango, uwanja wa michezo una jina lake. Ni mji ambao wafanyabiashara wa ufuta na alizeti wanaufahamu, kwa kuwa mazao hayo hulimwa kwa wingi pande hizo, na malori yake hushuka kuelekea Kampala na mpaka wa Kenya. Msomaji wa Kismayo atakayefika huko siku moja kutafuta ufuta aulize uwanja wa Akii-Bua, ataonyeshwa.